Nano ya mwarobaini: tiba asili au dawa ya kusajiliwa?

MLETA MADA: Wakuu, salaam. Jumamosi nilikwenda Mbagala kumjulia hali shangazi, mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda mguuni. Nikamkuta anakiosha kwa maji ya chupa ndogo, rangi kama chai ya rangi iliyokolea. Lebo inasema: "Nano ya mwarobaini, asilia 100%, kunywa au kupaka." Muuzaji kamhakikishia haina madhara, ni majani tu.

Nimesoma kemia, na rangi ile naijua. Unachemsha majani, unachuja, unamimina kwenye maji yenye naitreti ya fedha, yaani chumvi ya madini ya fedha (silva). Mchanganyiko huanza manjano hafifu, kisha hukolea mpaka kuwa kahawia. Fenoli na flavonoidi, kemikali za asili zilizomo kwenye majani ya mwarobaini, zinageuza chumvi ile kuwa chembe za madini zisizozidi nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), halafu zinazivika ili zisigandane. Jani hapo ni mpishi. Kilichopikwa ni fedha, madini yale yale ya sonara.

Kwa hiyo msimamo wangu: chupa hii isiuzwe kama mitishamba. Ipite TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini, kama dawa nyingine yoyote.

MCHANGIAJI: Mkuu, hapo unawakata miguu vijana wetu wanaotengeneza vitu hivi. Fedha si ngeni hospitalini, majeraha ya moto yanapakwa krimu ya silva salfadiazini miaka yote. Njia ya majani ni nafuu, haihitaji kemikali kali, na mwarobaini umejaa kila ua hapa Dar. Tukianza urasimu, kesho kampuni za nje zitatuuzia kitu kile kile kwa bei ya kuruka.

MLETA MADA: Hoja ya bei naiheshimu, inaniuma hata mimi. Lakini krimu uliyoitaja ina asilimia 1, imeandikwa, na ni ya kupaka. Chupa ya shangazi ina kiasi gani? Majani ya masika si ya kiangazi, ya mti mchanga si ya mti mzee. Majani yakibadilika, ukubwa wa chembe nao hubadilika, na ukubwa ndio unaoamua zinafanya nini mwilini. Aliyechemsha jana na leo kauza dawa mbili tofauti kwa lebo moja.

Na hilo la kunywa ndilo linalonitisha zaidi. Fedha ikinywewa muda mrefu hujikusanya, ngozi inageuka kijivu chenye ubuluu na hairudi. Marekani, mwaka 1999, FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, ilitamka kwamba dawa za maji ya fedha zinazouzwa bila cheti cha daktari hazijathibitika kuwa salama wala kutibu.

Jani siligombi. Dawa mseto ya malaria tunayomeza imetokana na mmea wa artemisia, na mwanasayansi wa China aliyekigundua kiini chake, Tu Youyou, akapata Nobel mwaka 2015. Ila yeye alikitoa kiini, kikajulikana, kikapimwa.

Jumatatu nilimpeleka shangazi kliniki. Wamekisafisha kidonda, chupa ninayo mimi. Wenye uzoefu wa usajili, semeni: kijana wa chuo mwenye kitu kizuri kweli anaanzia wapi, na anahitaji shilingi ngapi?