Königsberg 1/350 ya resini: mwili umepinda, mizinga imevunjika

Mkuku

Wakuu, heshima kwenu. Mezani kuna seti ya resini ya kuunda mfano wa manowari ya Kijerumani Königsberg, kipimo cha 1/350. Mwili umekuja vipande viwili vinavyokutana kwenye mstari wa maji. Nia ni kuionyesha ilivyojificha kwenye delta ya Rufiji mwaka 1915, kwa hiyo kipande cha chini hakitatumika.

Nimekwama penye mambo manne. Kipande cha juu ukikilaza kwenye kioo kinagusa katikati tu, omo na tezi (ncha za mbele na nyuma) vinaelea. Chini ya omo pana milimita 3. Mitutu ya mizinga imepinda kama mkia wa mbwa, na miwili imekatika. Reli za shaba zipakwe rangi kabla ya kubandikwa au baada? Halafu vanishi ya kufifisha mng'ao: kipande cha majaribio kimegeuka cheupe kama kimemwagiwa maziwa. Hapa ni Tanga na masika haijaisha.

Vifaa vilivyopo: kipulizia rangi na kompresa ndogo, keekee ya mkono yenye biti za 0.3 hadi 1.0, supaglu nyembamba na nzito, misasa ya 400 hadi 1000.

Msasa600

Mkuu, kabla hujanyoosha chochote, pima urefu. Königsberg ilikuwa mita 115.3 kutoka ncha hadi ncha. Gawa kwa 350 upate milimita 329. Meli dada zake tatu, Nürnberg, Stuttgart na Stettin, zilikuwa ndefu zaidi kwa mita 2 hivi, ambazo mezani ni milimita 6. Ni rahisi kwa mtengenezaji kumwaga mwili mmoja akauuza kwa majina manne. Resini husinyaa kidogo ikigandamana, hivyo ukipata 326 au 327 usihofu. Ukipata 335 hiyo siyo yenyewe, na ni heri ujue leo kuliko siku umeshasimamisha dohani zote tatu.

Sasa kunyoosha. Watu huchovya kwenye maji ya moto dakika mbili, wanabonyeza, wanafurahi, na baada ya wiki mwili umerudi ulikotoka. Sababu ni unene. Upana wa mwili huu ni karibu milimita 38 na ndani umejaa resini tupu. Dakika mbili zinalainisha ganda la nje tu, kiini kinabaki kigumu na ndicho kinachouvuta urudi. Tafuta chombo kirefu (trei ya kuokea mikate inatosha), maji ya nyuzi 75 hadi 80, yasichemke, na uache mwili humo dakika 12 hadi 15. Utoe kwa glavu, ulaze juu ya kioo kinene, weka vitabu viwili vizito juu ya kipande cha sponji ili usiponde deki, kisha usiuguse hadi upoe wenyewe. Kuumwagia maji baridi ili uharakishe ni kosa: ganda linaganda kabla ya kiini.

Milimita 3 zikibaki 1, acha moto. Toboa matundu mawili chini ya mwili, moja sentimita 6 kutoka omo na jingine sentimita 6 kutoka tezi, uvute kwa skrubu za milimita 3 kupitia ubao wa unene wa milimita 18. Kwa kuwa unaiweka majini, skrubu hazitaonekana kamwe. Toboa kwa biti ya 2.5 na uende polepole, resini hupasuka ikilazimishwa.

Kuosha kufanyike baada ya kunyoosha na kabla ya praima (rangi ya msingi): maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki mkuukuu, dakika kumi, suuza mara mbili. Yale mafuta ya kutenganisha resini na kalibu hayaonekani kwa macho, lakini praima inayobanduka pamoja na utepe wa kufunikia mara nyingi imetokana nayo. Msasa wote upigwe ukiwa na maji. Vumbi la resini halifai kuingia mapafuni, na barakoa ya kitambaa hailizuii.

Kibano_na_Wembe

Mizinga usiinyooshe, itupe. Königsberg ilikuwa na mizinga 10 ya sentimita 10.5: miwili ubavu kwa ubavu omoni, mitatu kila upande katikati, miwili ubavu kwa ubavu tezini. Mtutu wake ni wa kaliba 40, maana yake urefu ni mara 40 ya upana wa tundu, yaani mita 4.2, ambao kwa 1/350 ni milimita 12 kamili. Tundu la mtutu linakuwa milimita 0.3.

Nenda duka la dawa, nunua sindano mpya za bomba namba 25, zile zenye kichwa cha rangi ya chungwa. Unene wake wa nje ni milimita 0.51 na tundu ni 0.26. Huwezi kupata mtutu mzuri zaidi ya huo kwa bei hiyo, na tundu limeshatobolewa. Milimita 10 zinatosha kila mmoja, maana nyingine 2 zinamezwa na ngao, hivyo sindano ya milimita 25 inatoa mitutu miwili. Nunua nane, usinunue tano. Utaharibu.

Kukata: usitumie mkasi wala plaizi, zinabana tundu likawa bapa. Ilaze sindano kwenye kigae, weka ukali wa tupa ya pembe tatu juu yake na uivingirishe mbele na nyuma mpaka mfereji uzunguke wote, halafu ivunje kwa vidole. Ncha isugue kwenye msasa wa 1000 ukiishika wima. Ile ncha kali iliyobaki ifungie kwenye chupa, isiachwe mezani.

Mtutu halisi ni mnene nyuma na mwembamba mbele. Kwa hiyo chukua sindano namba 21, ya kijani, unene wa nje 0.82, kata vipande vya milimita 4 uvivishe nyuma ya ile ya 25. Wenye nafasi ya kufika Mombasa, mmoja wa mizinga hii uko Fort Jesus na umbo la mtutu linasomeka vizuri. Angalizo: hapo hapo pana mzinga wa Pegasus, meli ya Waingereza ambayo Königsberg iliizamisha bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Ule ni wa inchi 4, ukitupa jicho haraka unafanana. Soma kibao kabla hujatoa rula.

Dohani3

Reli: zipakwe zikiwa bado kwenye karatasi yake ya shaba. Loweka karatasi nzima kwenye siki dakika kumi, suuza, kausha, praima nyembamba pande zote, rangi, ndipo ukate. Ukibandika kwanza halafu upulizie, rangi ya mwili itamwagikia deki, na hakuna utepe utakaofunika deki iliyoko nyuma ya reli ya milimita 3.

Kukata kufanyike juu ya kigae au kioo. Mkeka laini wa kukatia unazama chini ya wembe na reli inajikunja. Kata penye nguzo, usikate katikati ya nguzo mbili, la sivyo kipande kinabaki na mikono inayoning'inia hewani. Kwa kipimo, laza ukanda wa karatasi ukingoni mwa deki, weka alama kila penye kona, kisha uhamishie kwenye shaba. Vipande vya sentimita 5 hadi 6 vinanyooka kwa urahisi. Ukijaribu upande mzima kwa mara moja, upinde wa omo utakutoa jasho.

Kuchoma shaba kwa kiberiti ili ilainike ni kwa vipande vya kukunja duara tu, kama vizimba vya juu ya dohani. Reli ukiichoma inalegea na haitasimama tena.

Msasa600

Napingana na Dohani3 kidogo. Supaglu ikibandikwa juu ya rangi inashika rangi, haishiki shaba. Ukigusa reli kwa kiwiko, inatoka na ganda lake. Kama unapaka kwanza, kwaruza ukingo wa chini kwa wembe mpaka shaba ing'ae, na pale deki itakapopokea reli pasiwe na vanishi.

Dohani3

Kukwaruza, sawa, nimekubali. Ila supaglu kwa urefu wote wa reli hapana. Ni gundi nyeupe ya mbao, tone kwenye kila nguzo ya pili. Inakupa dakika tano za kurekebisha na ikikauka haionekani. Tone la supaglu liwe kwenye ncha mbili tu, kwa ncha ya sindano.

Mkuku

Nimepima: milimita 327. Ni yenyewe. Ahsanteni sana wakuu. Bado vanishi, na kamba za milingoti nazo zinanitisha.

Chumvi_Hewani

Weupe wa vanishi una vyanzo viwili, na dawa zake hazifanani. Kama ni ukungu laini uliofunika kote, ni unyevu. Thina inayoruka haraka inapoza uso wa kipande, na mvuke wa hewani unatua juu yake kama jasho kwenye chupa ya soda. Kama ni punje punje au madoa, chupa haikutikiswa. Ule unga unaoua mng'ao ulikuwa umelala chini na ukaja wote kwa mkupuo mmoja.

Kwa ukungu: pulizia saa saba hadi saa tisa mchana, wakati hewa ya pwani ina nafuu, na unyevu ukiwa juu ya asilimia 65 usipulizie kabisa. Kama kuna chumba chenye kiyoyozi, kipande na chupa vikae humo saa nzima kwanza. Mpira wa kompresa uwe na chujio la maji, na ulimwage kila baada ya dakika ishirini. Hicho kipande kilichoharibika hakijafa: siku kavu ukipulizia thina tupu ya vanishi hiyo hiyo, nyembamba sana, kutoka sentimita 20, ukungu mara nyingi unayeyuka.

Weupe mwingine, ambao watu huudhania vanishi, ni pumzi ya supaglu. Mvuke wake ukikutana na unyevu unaganda juu ya chochote kilicho karibu, hasa vioo na rangi nyeusi. Usifunge meli ndani ya boksi siku uliyobandika. Iache wazi saa 24 penye upepo mdogo wa feni.

Kamba sasa. Nywele za mtu usiziguse, hata zikionekana nyembamba namna gani. Unywele hurefuka hewa ikiwa na unyevu na kufupika ikikauka; masika zitalegea, kaskazi zitavuta foromali (miti iliyokingama mlingotini) zikapinda. Chukua fremu ya plastiki iliyobaki kwenye seti ya kawaida ya plastiki (ya resini haifai), zungusha juu ya mshumaa bila kugusa moto, ikilainika iondoe, hesabu moja, ndipo uvute. Ukivuta haraka inakuwa nyembamba, ukivuta polepole inakuwa nene. Unataka kama milimita 0.05 kwa waya za mawasiliano na 0.1 kwa kamba kubwa za kushikilia mlingoti. Bandika ncha moja, subiri, bandika ya pili hata ikiwa imelegea kidogo. Halafu washa kijiti cha udi, kizime mwali, na kaa lake ulipitishe sentimita moja chini ya kamba. Inakaza yenyewe. Ukikaribia zaidi inakatika.

Lakini kwanza badilisha milingoti. Ya resini itapinda kwa mvuto wa kamba hizo hizo. Waya wa shaba nyeupe wa milimita 1.0 chini na 0.6 juu, foromali 0.4. Matundu yote ya kamba yatobolewe kabla ya rangi, kwa biti ya 0.3. Kutoboa baadaye kunaacha duara jeupe la resini ambalo halifichiki.

Kibano_na_Wembe

Naongezea la Rufiji. Mkoko wa mita 14 ni sentimita 4 kwa kipimo chako, kwa hiyo usitengeneze vichaka vifupi ukaiacha meli imesimama kama mnara. Vijizizi vilivyokauka vya nyasi, vikigeuzwa juu chini, vinatoa mizizi ya mkoko bila kazi ya ziada. Maji yawe ya tope, kahawia yenye kijani kidogo, hivyo huhitaji kina cha resini ya uwazi. Rangi kwenye ubao na jeli ya akriliki juu inatosha. Kama lazima umwage resini, isizidi milimita 3 kwa mara moja, maana inapoganda inatoa joto. Na kitako cha povu jeupe kifunike kwa gundi ya mbao kwanza, thina inakila.

Mkuku

Swali dogo: sindano ya 25 inakataa kuingia kwenye ya 21. Inafika mlangoni tu.

Kibano_na_Wembe

Vipimo vyake vinakaribiana mno, tundu la 21 nalo ni kama 0.51. Kwanza hakikisha mdomo hauna kishungi cha ndani ulipokata. Zungusha ncha ya wembe humo mara mbili tatu. Ikikataa bado, funga sindano ya 25 kwenye keekee ya mkono, ibane ndani ya msasa wa 1000 uliokunjwa, izungushe mara 30 kwenye zile milimita 4 za nyuma tu. Ivishe bila gundi kwanza. Ikiingia, tone la supaglu nyembamba liwekwe kwa nyuma, lisiwekwe mbele: gundi hiyo hupanda kwenye tundu la mtutu ikaliziba, na ukijaribu kulizibua kwa biti ya 0.3 utavunja biti.