Naomba ushauri: viburnamu ya mipira myeupe itakubali Pemba?

Limbani_Wete
Asalaam aleykum ndugu zangu. Niko Wete, Limbani. Mbele ya nyumba tuna uwanja wa kutosha, udongo mwekundu mzito, jua la asubuhi mpaka saa saba hivi, halafu kivuli cha muembe wa jirani. Mamkubwa wangu anaishi Uingereza, na Disemba inshallah anakuja kututembelea. Bustanini kwake ana kichaka kinaitwa viburnamu. Picha zake nimezitazama mpaka basi: maua meupe ya duara yamejaa mti mzima, majani huyaoni. Yuko tayari kunikatia vijiti aje navyo begini.

Ninachotaka kujua: kitaota huku kwetu? Kikiota, kitachanua? Na kama yupo aliyekwishakipanda Unguja au Pemba, anieleze alivyofanya. Mama yangu anapenda mno maua meupe, na pale mbele ya baraza nataka pawe pake. Nipeni jibu la kweli hata kama ni la kukatisha tamaa.

Mpemba_Leeds
Waaleykum salaam dada. Kichaka hicho nakiona kila nikitoka, kipo kwa jirani yangu. Jina lake ni Viburnum opulus, aina ya 'Roseum', ya kizamani kweli. Bustani za Ulaya wanayo kwa karne nyingi. Kinafika mita 3 mpaka 4. Mwezi wa Mei maua yanatoka kijani kilichopauka, yakikua ndiyo yanakuwa meupe, na mengine yanaingia uwaridi kidogo kabla ya kupukutika. Tawi linainama kwa uzito wake, mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Ni kizuri, sikufichi. Vidukari nao wanakipenda, majani machanga yanajikunja kama yamechomwa.

Sasa yako mambo mawili. Maua yale ni tasa, hayazai mbegu, ndiyo maana watu wanakiotesha kwa vijiti. La pili ndilo zito: majira ya baridi yakikaribia majani yote yanaanguka, zinabaki fito tupu mpaka Machi au Aprili. Vijiti atakavyokata mamkubwa Disemba vitakuwa vimelala. Vikifika Wete vitaikuta kaskazi imepamba moto.

Kijana_Mwera
Dada usikate tamaa mapema. Viweke vijiti kwenye friji wiki kadhaa, ndipo upande. Watu wanafanya hivyo kwa vile vitunguu vya maua ya Ulaya, tulipu, na vinachanua. Au panda kwenye pipa, kila jioni mwaga barafu shinani. Kujaribu si kosa.

Fundi_Bustani_Dole
Kaka Mwera, kwa kitunguu friji inasaidia kwa sababu ua zima limeshajifunga mle ndani pamoja na chakula chake. Ukikitoa kinachanua mara moja, na mwakani kinataka tena friji. Kichaka cha mita 3 utakiingiza wapi? Na barafu ya shinani inapoza mizizi tu. Kinachotaka baridi ni matumba, nayo yako juu kwenye matawi.

Dada, viburnamu hii inaweka matumba ya mwakani kwenye matawi ya mwaka huu. Siku zikianza kuwa fupi, mti unajua baridi inakuja, unaangusha majani na matumba yanajifunga. Hayafunguki sawasawa mpaka yapitiwe na wiki nyingi za baridi ya nyuzi chache juu ya sifuri. Wenyewe unahimili hata nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwetu, usiku wa kipupwe, Julai na Agosti tunapojitanda mashuka, joto linaishia nyuzi 22 hivi. Na ukichukua siku yetu ndefu kuliko zote na ile fupi kuliko zote, tofauti haifiki saa moja. Basi mti haupati habari ya kulala wala ya kuamka.

Kijiti kinaweza kutoa majani kidogo kwa akiba iliyomo ndani yake. Halafu kinazubaa, majani yanaungua pembeni Januari na Februari, na masika yakija yanakuja na ukungu. Maua usiyategemee.

Bandarini_Mkoani
Na hilo la begini mwambie mamkubwa aache, tafadhali sana. Kuingiza mmea, hata kipande, kunataka kibali cha karantini ya mimea na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Si usumbufu wa bure. Nzi wa matunda aliyetoka Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na leo maembe yetu mangapi tunayapasua tunakuta mabuu ndani? Hiki ni kisiwa cha mikarafuu. Kijiti kimoja kinabeba maradhi usiyoyaona kwa macho.

Limbani_Wete
Ahsanteni. Nimeumia, lakini nimeelewa. Mamkubwa nimeshampigia simu, vijiti basi. Sasa nisaidieni nipande nini badala yake. Kiwe kichaka, si mti mkubwa. Maua meupe, yakiwa ya duara ndiyo raha yangu, na yakinukia mama atafurahi zaidi.

Fundi_Bustani_Dole
Iksora nyeupe. Si ile nyekundu fupi iliyojaa mahotelini, nasema ile ya majani mapana. Maua yake ni membamba, mengi, yamejikusanya pamoja kichwa kizima cha duara, na jioni yanatoa harufu. Inapita mita 2 lakini inakubali mkasi.

Adui yake ni chokaa. Ukiipanda chini ya msingi, pale mafundi walipomwaga mabaki ya saruji na mawe ya matumbawe, majani mapya yanatoka ya njano huku mishipa imebaki kijani. Watu wanadhani ni kiu, wanazidi kumwagia maji. Si kiu, ni kukosa madini ya chuma: udongo wa chokaa unayo, lakini umeyafunga, mzizi hauyapati. Kwa hiyo sogea mita moja na nusu kutoka ukutani. Chimba shimo futi 2 kwa 2, udongo wa juu uchanganye na samadi iliyooza vizuri na majani yaliyooza, kisha funika kwa makumbi ya nazi. Udongo wako mwekundu unafaa. Ungekuwa kwenye uwanda wa Makunduchi ningekwambia panda kwenye pipa.

BiMkubwa_Chake
Mwanangu, mbona mnakwenda mbali na asmini ipo? Kuna ile ya maua mazito, petali zimepandana tabaka kwa tabaka, kila ua ni kijipira cheupe. Inakua polepole na haichanui kwa wingi kama asmini ya kikuba, lakini ua lake moja linatosha chumba. Ile ya kawaida nayo usiikose, maana kikuba bila asmini si kikuba, hata uwe na rehani, vilua na mkadi. Tumba lake unalichuma alasiri bado limefumba, unatunga, nalo linafunguka usiku limeshavaliwa.

Na asmini usiionee huruma. Maua yanakaa kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo yakimalizika kata. Mie huirudisha mpaka usawa wa goti, nikaitilia samadi. Ukiiacha inakuwa kamba ndefu, chini kutupu.

Mpemba_Leeds
Kweli Bi Mkubwa, na hapo asmini na viburnamu ni mbali mbali. Huku ukikata viburnamu kabla ya maua kutoka, umekata maua yenyewe. Wanasubiri mpaka yapukutike.

Shoga_Konde
Tahadhari moja shoga yangu. Utaletewa kichaka cha majani mapana yenye vinyweleo, ukiyafikicha yananuka vibaya, ila maua ni meupe ya uwaridi, yamejaa, na yananukia vizuri sana. Atakayekupa atakwambia hakina shida. Usikubali. Kinachipua kutoka kwenye mizizi kila upande. Changu kimepita chini ya ua kimeibukia kwa jirani, na kila nikichimba kinaongezeka.

Limbani_Wete
Mwenyezi Mungu awalipe. Nimeamua: iksora moja kila upande wa ngazi za baraza, na asmini nzito karibu na dirisha la mama. Swali la mwisho. Vuli ndiyo hii inaanza, nipande vyote sasa au nisubiri masika? Kisima chetu wakati wa kaskazi maji yanakuwa na chumvi kidogo.

Fundi_Bustani_Dole
Asmini panda sasa, mvua ikishalowesha udongo vizuri, yenyewe ni ngumu. Iksora ngoja Machi. Ukiipanda leo itaingia kaskazi bado mizizi haijashika, na maji ya chumvi yatamaliza majani. Mashimo lakini chimba sasa, tia samadi, yaache yapoe. Weka na pipa chini ya bati ukinge mvua, hayo ndiyo maji ya kuinyweshea mwaka wa kwanza. Siku ya kununua miche, chagua yenye majani ya kijani kilichokolea na uutazame mfuko chini: mizizi ikiwa imejizungusha mviringo, mwachie muuzaji mche wake.