Je, vita dhidi ya umaskini vya Rais Johnson viliwasaidia maskini?

Mdau wa Nyegezi: Ndugu zangu, kuna anayedai kwamba vita dhidi ya umaskini, vilivyotangazwa na Lyndon Johnson Januari 1964, havikuwafaa kitu maskini wa Marekani. Je, ni kweli?

Mwalimu, Kirumba: Si kweli, ndugu yangu. Kiwango rasmi cha umaskini kilishuka kutoka takriban asilimia 19 mwaka 1964 hadi karibu asilimia 12 mwaka 1969, ingawa ni haki kusema kwamba uchumi nao ulikuwa ukikua kwa kasi. Medicare, iliyotiwa saini Julai 1965, iliwapatia bima ya matibabu wazee wa miaka 65 na zaidi, ambao wengi wao hawakuwa nayo.

Mama wa Igoma: Shikamoo, Mwalimu. Naongezea Head Start ya 1965, iliyowapa watoto wa familia maskini masomo ya awali, chakula na uchunguzi wa afya mahali pamoja. Sisi tunaofundisha chekechea tunajua kwamba mtoto asiyekunywa uji asubuhi hashiki herufi.

Mdau wa Buzuruga: Sheria ya Agosti 1964 iliyoanzisha miradi ya vita hivyo iliagiza pia maskini wenyewe washirikishwe kuendesha miradi, kama mikutano ya mitaa yetu inavyoshiriki kutambua kaya maskini za kusaidiwa na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania. Mameya kadhaa walilipinga jambo hilo, na Vita vya Vietnam vikazidi kumeza fedha.