Mjadala: Je, kila mzizi wa jino ukae na dawa wiki mbili kabla ya kuzibwa?

Mchangiaji aliyetangulia anasema kuwa daktari wa meno anayemaliza matibabu ya mzizi (kusafisha mfereji ulio ndani ya mzizi wa jino na kuuziba) kwa siku moja, bila kuacha dawa ndani na kumrudisha mgonjwa baada ya wiki mbili, amefanya kazi nusu. Naiheshimu hoja yake, maana nami nilifundishwa hivyo, lakini naona amelisahau jino lenyewe.

Dawa inayobishaniwa ni haidroksidi ya kalsiamu, unga mweupe unaokorogwa na maji safi hadi uwe mzito kama dawa ya mswaki. Imekuwa ikitumika tangu mwaka 1920, na nguvu yake yote ni ukali wa alkali, kwani pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali ambapo maji safi ni 7, hufikia 12.5. Mzizi, hata hivyo, si chupa ya kioo. Takriban asilimia 70 ya uzito wa dentini, sehemu ngumu inayouzunguka mfereji wa mzizi, ni madini, na madini hayo huipooza alkali ileile tunayoitegemea. Katika majaribio ya maabara yaliyochapishwa mwaka 2000, unga wa dentini ulipochanganywa na dawa hii, uwezo wake wa kumuua bakteria Enterococcus faecalis ulitoweka kabisa. Bakteria huyo huvumilia pH ya karibu 11, tena hujificha ndani ya vijimfereji vya dentini ambavyo upana wake ni maikromita moja hadi mbili na nusu tu. Dentini inayogusana na dawa hubadilika kwa saa chache, lakini ya upande wa nje huhitaji wiki mbili au tatu, wala haifikii ukali ule. Kwa mzee, ambaye vijimfereji vyake vimejaa madini, hali ni ngumu zaidi.

Mwenzangu atajibu kwamba ndiyo sababu dawa ipewe muda. Nakubali, hasa kwa jino linalotoa usaha na kukataa kukauka.

Lakini muda huo analipa nani? Mama mmoja anayeanika dagaa Ukerewe alirudi kwetu Mwanza baada ya miezi minne badala ya wiki mbili. Kizibo cha muda kilikuwa kimepasuka ukingoni, dawa imekwisha, na kijiti cha karatasi cha kukaushia mzizi nilichoingiza kilitoka cheusi, kinanuka. Jino liliishia kung'olewa, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Msimamo wangu ni huu: mzizi usioshwe kwa haraka, sodiamu haipokloraiti, dawa ya maji ya kuoshea mzizi, ipewe muda wa kutosha na ibadilishwe mara nyingi, kisha ukikauka vizuri uzibwe siku hiyohiyo. Ukishindikana kukauka, dawa iwekwe, kizibo kiwe kinene na imara, na tarehe ya kurudi ipangwe pamoja na mgonjwa. Kwa watu wa dagaa ningependekeza siku za mbalamwezi, ambapo karabai hazivuti dagaa na mitumbwi imepumzika mwaloni.