Duka la kompyuta Kigoma mjini: hela ya bakapu mmekula, kalenda na majina ya wateja wangu viko wapi?

Wakuu, habari za mchana. Moderata, tafadhali usiuhamishie uzi huu kule kwenye vichekesho, maana hapa sicheki.

Nina kazi ndogo ya kupeleka wageni Gombe na Mahale. Ofisi iko Mwanga, mashua tunapandia Kibirizi. Anayeijua kazi hii anajua mtaji si mashua, mashua ni za watu. Mtaji ni barua pepe za wageni, kalenda inayosema nani anaondoka lini na nahodha yupi, na orodha ya majina. Tena orodha yangu si namba tupu. Kila nahodha nimemwandikia pembeni injini yake ina nguvu gani, maboya anayo mangapi, na kama akishapewa nusu ya hela bado anapokea simu (wenye kazi hii mmenielewa). Kila mgeni nimeandika asichokula, ameshalipa kiasi gani, anakuja kwa ndege au kwa treni.

Windows 10 ilipoacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu yangu ya zamani ikabaki nje, kwa sababu haina kile kijenzi cha usalama, TPM 2.0, ambacho Windows 11 inakitaka. Nikaenda duka moja hapa mjini, jina nalihifadhi kwa leo. Tukakubaliana: wananiuzia mpya, ya zamani wanaichukua kama sehemu ya malipo, na wanahamisha kila kitu. Kuhamisha kunalipiwa peke yake, shilingi 80,000. Risiti ninayo, imeandikwa "bakapu na kurudisha data". Kabla hawajaifuta ile ya zamani niliwauliza WhatsApp, kwa maandishi: kalenda na majina vimo? Jibu: "Vyote vimo boss, ondoa shaka."

Nafungua Outlook, programu ya barua pepe na kalenda, mbele yao, barua hizo zinamiminika, mpaka za 2017. Fundi anachekelea. Nafungua kalenda: nyeupe. Majina: hakuna hata moja. Eti "subiri, zinashuka taratibu, si unajua mtandao wa Kigoma". Mtandao wa Kigoma umesingiziwa mengi, lakini siku hiyo ulionewa. Hakukuwa na kitu cha kushuka. Baadaye nikaambiwa nianze kuandika jina la mteja, litajileta lenyewe. Halikujileta.

Sasa niwaeleze kilichofanyika, maana humu mafundi wapo, na pengine hao hao wanasoma. Barua pepe ya biashara yangu inatumia IMAP, moja ya njia za kompyuta kuchukua barua. IMAP inabeba barua tu. Barua ziko kwenye seva, yaani kompyuta ya wanaotunza barua, kwa hiyo kompyuta yoyote ukiiwekea anwani na nywila zinashuka zenyewe, bakapu iwepo isiwepo. Kalenda na majina havipiti njia hiyo. Kwenye Outlook, kwa akaunti ya aina hii, vinakaa ndani ya mashine ileile, na Outlook yenyewe inaandika pembeni ya folda kwamba ni vya kompyuta hii tu. Imeandikwa pale pale! Mtu amechukua hela ya kuhamisha data na hakusoma jina la folda.

Maana yake kilichorudi kimerudishwa na seva, si na wao. Elfu themanini nimelipia kuandikiwa nywila yangu mwenyewe.

Nilipokomaa wakanikabidhi flashi, kwa kujiamini kabisa: "Bakapu yako hii hapa." Ndani kuna Documents, kuna picha, na kuna faili moja la OST. Jamani, OST ni nakala ambayo Outlook inajitengenezea kwa ajili ya akaunti ile kwenye mashine ile. Ukiipeleka kwingine Outlook haiifungui, hata uibembeleze. Faili la kuhamia nalo ni PST. Unaingia menyu ya faili, sehemu ya kutoa na kuingiza data, unachagua akaunti, unaweka tiki folda ndogo nazo ziingie, unahakikisha kalenda na majina yamo, unasubiri. Kwenye mashine mpya unaliingiza kwa njia hiyo hiyo, kisha unafungua uone. Ila lazima ifanyike wakati Outlook ya zamani bado inawaka. Sasa laptopu imeshafutwa na kuuzwa, nasikia iko Kasulu.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kuna programu za kununua zinazosoma OST iliyoachwa yatima. Fundi mmoja wa Ujiji, kijana mstaarabu, ndiye aliyenionyesha, tukashusha moja ya majaribio. Kalenda ipo! Julai yote naiona, Agosti naiona, majina ya manahodha na maelezo yake naona, kama migebuka kwenye friji la kioo lililopigwa kufuli. Kuitoa ni kwa dola, tena kwa kadi.

Wale wa Dar mnaokuja kusema "Kigoma mafundi watatoka wapi": tuko mwisho wa reli, hatuko mwisho wa akili. Na anayetaka kunishauri niweke kila kitu Google, asante, aufungulie uzi wake. Mimi nililipia kazi.

Halafu oneni na hili. Kuna mawakala wa nje huwa wananitumia mialiko ya ics (faili dogo la tukio la kalenda) ndani ya barua, nikasema basi nianze kuijenga kalenda upya kwa hiyo. Safari ya kuondoka Kibirizi saa kumi na mbili asubuhi ikajiandika saa mbili usiku wa jana yake! Kumbe mashine ilikuwa bado kwenye majira ya magharibi ya Marekani, na wao badala ya kubadilisha ukanda wa saa wameisogeza saa kwa mkono mpaka ikalingana na ya ukutani. Kwa hiyo ukitazama saa iko sawa, lakini safari za kiangazi zote zimerudi nyuma saa kumi. Hilo nimelirekebisha mwenyewe. Lakini ningekuwa nimeshampigia nahodha je?

Hivi ninavyoandika kuna familia imeshalipa nusu ya safari ya Mahale. Barua yao ninayo. Mashua niliyowapangia, nahodha, bei tuliyoelewana naye, vyote viko kwenye hilo friji.

Ninachodai ni kimoja kati ya viwili: wanunue hiyo programu wanitolee data yangu, au warudishe 80,000 niinunue mwenyewe, na ikizidi nitaongezea.

NYONGEZA: Kuna mtu kawatumia uzi huu, wamenipigia sasa hivi. Wanasema niwapelekee laptopu "waifomati waanze upya", bure. Waifomati tena! Haitoki hapa. Flashi iko mezani kwangu na ofisi mnaijua, njooni na hela au na hiyo programu.