Mpunga wa Igunga na Nzega: utafiti uanze na mbegu au na jaruba?

Mleta hoja: Wakuu, kila wimbo wa kilimo Tabora ni "tumieni mbegu bora". Nasema fedha ya utafiti ianze na maji. Mpunga wetu mwingi unangoja mvua mbugani, kwenye udongo mzito wa mfinyanzi. Mbegu bora ya SARO 5, yaani TXD 306, imetolewa tangu 2002: fupi, hailali chini, inapenda mbolea. Lakini mtie huyo mfupi kwenye jaruba (kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa kingo) lenye bonde upande mmoja na mgongo upande wa pili. Bondeni mche unazama, mgongoni udongo unapasuka na magugu yanatawala. Supa, aina nyingine ya mpunga, kwa urefu wake huvumilia. Sasa mbegu bora ni ipi hapo?

Bwana Shamba: Mkuu, kusawazisha jaruba hakuhitaji mtafiti. Ingiza maji kidogo, vilima vitajionyesha vyenyewe; kwangua, jaza mashimo, vuruga tope. Tofauti ikizidi sentimita 5 hivi, rudia. Kinachohitaji mtafiti ni siku za kukomaa. Mvua yetu ni msimu mmoja, takribani Novemba hadi Aprili. Ukichelewa kupandikiza Supa, mvua inakatika mpunga ukiwa unachanua, na hapo unavuna mapepe. Mashuke yatasimama wima, mazuri kwa macho, ndani hewa. Mbegu ya muda mfupi ndiyo dawa.

Mleta hoja: Hapo kwenye siku nakubali. Ila kingo zikivuja, hata mbegu ya muda mfupi itachanua pakavu. Mbuga ikikauka inapasuka hadi chini ya kingo, na mvua ya kwanza inapita kwenye nyufa hizo. Kingo zishindiliwe udongo ukiwa na unyevu, na mashimo ya panya yazibwe kabla ya kupandikiza.

Jirani wa Uyui: Mnasahau kimyanga, ugonjwa wa virusi wa mpunga. SARO 5 huugua sana: majani ya njano yenye michirizi, mche unadumaa, shuke halitoki vizuri. Virusi hivi havirithishwi kwa mbegu, kwa hiyo kumlaumu muuza mbegu ni kupoteza muda. Vinabebwa na mbawakavu, mikono, mundu na masalia ya mpunga uliochipua baada ya mavuno. Ng'oa masalia, weka kitalu mbali na jaruba la zamani, ng'oa mche ulioanza kuugua na uuzike. Utafiti wa kweli upo hapa: ukinzani umeshapatikana kwenye aina ya Gigante kutoka Msumbiji. Kazi ni kuuingiza kwenye mpunga ambao mlaji wa Tabora anautaka, wenye harufu ya Supa. Hilo jembe haliwezi.

Bwana Shamba: Sawa kabisa. Niongeze mbolea, maana ndiyo inayopotea zaidi. Urea ikimwagwa juu ya udongo mkavu, au kwenye maji jua likiwaka, sehemu yake inaruka hewani kama gesi. Ya vidonge huzikwa sentimita 7 hadi 10 kwenye tope, kidonge kimoja katikati ya mashina manne. Lakini kwa kidonge kukaa pale, lazima jaruba lishike maji. (Naona nimemsaidia mpinzani wangu.)

Mleta hoja: Umenisaidia sana, kaka. Basi tupime badala ya kubishana. Majaruba manne yanayopakana: Supa bila kusawazisha, SARO 5 bila kusawazisha, Supa iliyosawazishwa, SARO 5 iliyosawazishwa. Tarehe moja ya kupandikiza, nafasi ya sentimita 20 kwa 20, mbolea ileile.

Jirani wa Uyui: Mkipima, kaushieni hadi unyevu wa asilimia 14 kabla ya mizani, la sivyo mtapima maji. Na msiishie kwenye kilo. Zidisheni kwa bei ya sokoni, kwani mnunuzi anayenusa hulipa Supa zaidi. Huenda jaruba lililosawazishwa lenye Supa likawashangaza nyote wawili.