Ua wa saiprasi unakauka kuanzia ndani

Salaam. Ua wetu wa saiprasi hapa Bamburi, Mombasa, urefu futi sita, unageuka hudhurungi ndani huku nje ukiwa kijani. Kuna vifuko vya vijiti vinavyoning'inia, na sisimizi wanapanda na kushuka. Mtunza bustani asema ni chumvi ya bahari. Nipige dawa gani?

Jibu
Chumvi huunguza upande unaopigwa na upepo, tena kuanzia nchani. Kukauka kuanzia ndani ni kazi ya vidukari wa saiprasi, walioonekana Malawi mwaka 1986 na kuingia Kenya 1990. Panua matawi, utazame vijitawi vya kivulini: wadudu wa kijivu na kahawia, kiasi cha punje ya ufuta, wameng'ang'ania gome. Shika majani, yakinata na kuacha masizi vidoleni, ndio wenyewe. Sisimizi wanafuata utamu unaotolewa na vidukari. Mate ya vidukari ni sumu kwa mti, kwa hiyo tawi huendelea kukauka hata wakishaondoka.

Jibu
Anza na sabuni ya maji isiyo na jiki: mililita 200 kwa pampu ya lita 20. Jaribu tawi moja, ungoje siku mbili. Kisha piga jioni, bomba likiwa ndani ya ua. Ukirashia nje tu umepoteza sabuni, maana humuua mdudu aliyelowa tu. Rudia baada ya siku saba. Na tafadhali usitumie maji ya kisima! Maji ya mawe ya matumbawe ni magumu, sabuni inaganda utando mweupe na haifanyi kazi. Kinga maji ya mvua.

Ukipogoa, usivuke sehemu ya kijani. Saiprasi haichipui kwenye tawi lililokwisha majani.

Jibu
Vile vifuko ni vya mdudu mwingine, kiwavi, naye ndiye anayekula majani. Usivivute, uzi wake hukaza kijitawi mpaka kikafa. Kata kwa makasi, uzi wote utoke, uvichome moto. Usiviache chini, kwani jike hutaga mayai humo humo.

Jibu
Penye mapengo panda mvinje. Saiprasi ni mti wa nyanda za juu, joto la pwani linauchosha. Mvinje si wa jamii yake japo majani yafanana na sindano, kwa hiyo vidukari hao hawaugusi, na ulistahimili mawe matupu ya machimbo ya Bamburi ulipopandwa kuanzia 1971. Vifuko lakini uendelee kuvikagua.